Kobayi akikataa majani, tuangalie kwanza dawa tuliyomupa



Tukitembelea wafugaji wa Kasongo na Kabambare, tunasikia maneno haya mara nyingi: «Kobayi alikuwa na kidonda kidogo tu. Tulimupa tetra, akakataa majani, kisha akakufa.» Watu wanasema kidonda ndicho kilimuua. Mara nyingi ni kapsule.

Sababu ni tumbo lake. Kobayi (wengine wanamwita dende) na sungura wana mufuko mukubwa katika utumbo wa nyuma. Humo munaishi vijidudu vizuri vinavyochachisha nyasi na kuzigeuza nguvu. Antibiotiki haichagui: inaua vijidudu vya kidonda pamoja na vile vya tumbo. Vijidudu vibaya vya aina ya Clostridium vinapata nafasi, vinaongezeka na kutoa sumu. Nyama anaacha kula, anajikunyata kwenye kona, manyoya yanasimama, anaharisha. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Huko Ulaya na Marekani, wanaofuga chinchila, ndugu wa kobayi kutoka milima ya Andes, wanapambana na shida ileile.

Dawa za kuogopa

Penisilini, ampisilini, amoksisilini, linkomisini, eritromisini na tetrasiklini. Kwa sungura, ya kunywa ndiyo hatari zaidi. Kwa kobayi, hata sindano ya penisilini inaweza kuua. Tena kapsule ya miligramu 250 ilitengenezwa kwa mutu, na kobayi wetu mara nyingi hapiti kilo moja. Kuigawanya kwa macho si kupima.

Veterineri anaweza kuchagua enrofloksasini ao sulfa yenye trimetoprimu, ambazo wanyama hawa wanazivumilia vizuri zaidi, na kupima dozi kwa uzito. Kidonda kidogo hakiombi kapsule: kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na badilisha matandiko ya nyasi.

Akiacha kula

Usingoje siku mbili. Kobayi asiyekula siku moja yuko tayari kwenye hatari. Simamisha dawa uliyojipangia mwenyewe, umwone veterineri siku ileile, umwonyeshe pakiti ya dawa. Mutenge na wenzake, mupe nyasi nyingi na maji safi.

Kama sisi watu, kobayi hawezi kujitengenezea vitamini C: anahitaji karibu miligramu 10 hadi 20 kwa kilo kila siku. Asipokula anaikosa, na kuikosa kunazidi kumupunguzia hamu. Mupe matembele na vipande vya mapera. Akikataa, ponda majani mabichi, changanya na maji, umulishe kidogo kidogo pembeni ya kinywa kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Akiwa amelala ubavu ao anahema vibaya, usimulazimishe, chakula kitaingia mapafuni.

Jike mumoja anabeba mimba karibu siku 68 na kuzaa watoto 2 hadi 4. Akikufa, mama wa nyumba amepoteza daftari za watoto na mboga ya jikoni. Na nyama aliyekufa akiwa kwenye dawa asiliwe.

Shauri letu: kila kikundi kifungue daftari moja. Andikeni jina la dawa, kiasi, tarehe, na kama nyama alikula kesho yake. Veterineri akija, atajua pa kuanzia.