Ndoa ina kipigo? Yajue haya kabla ya kukaa baraza la usuluhishi Nachingwea na Ruangwa

Hela ya korosho au ufuta ikishaingia, nyumba nyingine furaha, nyingine ugomvi. Nani alipalilia shamba, nani kaenda kuchukua malipo, hela imeishia wapi. Ugomvi wa maneno unasuluhishika. Lakini pale mmoja anapompiga mwenzake, kuwakalisha kwenye benchi moja na kuwaambia "sameheaneni" kunaweza kumrudisha mtu kwenye hatari.

Sheria inasemaje, na wewe ufanye nini?

Kwanini unaambiwa uende baraza kwanza

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani. Kuna mabaraza ya kata, na kuna ya jumuiya za dini, kama BAKWATA kwa Waislamu.

Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati. Hati hiyo ndiyo unayoambatanisha mahakamani, na isiwe imepita miezi 6 tangu itolewe.

Kikao cha ukoo ni kitu kingine. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao wa huku kwetu, mjomba ana sauti kubwa kwenye ndoa, na akikaa na wazee mara nyingi mambo yanatulia. Ila barua ya mjomba si hati ya baraza.

Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa

Hili wengi wanachanganya. Baraza linapatanisha na kushauri tu. Kuvunja ndoa na kugawa mali ni kazi ya mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Hata talaka ya Kiislamu iliyotamkwa nyumbani, kwa sheria ya nchi inahitaji kupita mahakamani ili itambulike.

Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba "baraza limeamua mikorosho yote ni ya mume". Tangu mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma au kusomewa ukaielewa.

Kipigo si "mambo ya ndani"

Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kiko wazi: hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai, awe mkeo au mumeo. Na ukatili, wa mwili au wa akili, ni moja ya mambo ambayo mahakama huyaangalia kuona kama ndoa imevunjika.

Si tatizo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili.

Wajumbe wa baraza, ulizeni kwanza

Mama akiulizwa "una tatizo gani?" huku mume kakaa pembeni yake, atajibu "hakuna, tumeshayamaliza". Hajadanganya kwa kupenda. Anafikiria safari ya kurudi nyumbani jioni.

Ndiyo maana nchi nyingine zimeweka utaratibu. Australia inataka wazazi wajaribu usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kwa mambo ya watoto, lakini wenye ukatili wanaweza kuruka hatua hiyo. Jimbo la Ontario, Kanada, linataka kila mmoja ahojiwe peke yake kuhusu ukatili kabla ya shauri la familia kuamuliwa nje ya mahakama.

Hata baraza la kata linaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Mwiteni kila mmoja peke yake, na mume pia aulizwe, kisha muulize:

- Unaogopa kurudi nyumbani leo?
- Amewahi kukupiga, kukukaba shingo au kukutishia kwa panga?
- Nani anashika hela na simu yako?
- Watoto wanaona au wanapigwa?
- Uko huru kusema "hapana" mbele yake?

Kukabwa shingo kusichukuliwe kirahisi. Wataalamu wanaliona kama dalili kubwa kwamba siku nyingine mtu anaweza kuuawa. Majibu yakionyesha hofu, simamisheni kikao. Usalama kwanza, na msimwambie mume alichosema mke.

Kama wewe ndiye unayepigwa

1. Umeumia vibaya? Hospitali kwanza.
2. Nenda polisi, omba Dawati la Jinsia na Watoto. Chukua PF3, daktari aijaze. Ni ushahidi.
3. Muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, Nachingwea au Ruangwa.
4. Mtoto akiwa hatarini, piga 116. Ni bure.
5. Ukiitwa barazani, omba kusikilizwa peke yako.

Na je, ni lazima ukae naye barazani ili upate talaka? Kifungu cha 101 kina misamaha: mwenzi aliyekutelekeza na hajulikani alipo, aliyeitwa barazani akakataa kwa makusudi, au mahakama ikiridhika kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Eleza kipigo na vitisho mbele ya hakimu, na PF3 uwe nayo mkononi.

Kesi ya jinai ya kupigwa nayo haisubiri hati ya baraza. Unaweza kuripoti leo.