Paramota: Petroli Ikipungua, Oili Nayo Imepungua

Rubani wa paramota huibeba injini mgongoni na kukimbia nayo mpaka bawa la kitambaa limwinue. Kila kilo ina gharama, ndiyo maana karibu wote hutumia injini ndogo za mipigo miwili. Moster 185, inayotengenezwa na Vittorazi ya Italia, ina uzito wa kilo 14 hivi, lakini hutoa nguvu za farasi takriban 25. Huwaka kila kranki shafti inapozunguka mara moja. Injini ya mipigo minne ya bodaboda huwaka mara moja katika mizunguko miwili.

Mizunguko ya Moster, karibu 7,800 kwa dakika, ni mingi mno kwa rafadha. Rafadha ya sentimita 125 ingefungwa moja kwa moja kwenye kranki, ncha zake zingepita kasi ya sauti, ukapata kelele nyingi na msukumo haba. Kwa hiyo giya hupunguza mizunguko hadi chini ya 3,000.

Linaloziua injini hizi mara nyingi ni ukosefu wa ulainishaji. Hazina oili inayokaa chini kama ya gari. Pistoni ikipanda, hewa na petroli hufyonzwa kupitia kabureta hadi kwenye kasha la kranki. Ikishuka, husukumwa kuingia kwenye silinda. Oili hupita njia hiyo hiyo ikiwa imechanganywa na petroli, kwa kawaida mililita 20 hadi 25 kwa lita. Wavuvi wenye mashine za boti za mipigo miwili wanaujua vizuri mchanganyiko huo.

Sasa gasketi ya kabureta ikivuja, kiwambo cha mpira kikikakamaa, au skrubu ya kurekebisha petroli ikikazwa kupita kiasi, hewa huzidi na petroli hupungua. Petroli hiyo ndiyo iliyokuwa ikipoza pistoni, na ndiyo inayobeba oili. Joto linapanda wakati ulainishaji unashuka. Pistoni ya aluminiamu hutanuka, hukwaruza ukuta wa silinda, kisha hunata. Injini imenoki.

Hatari zaidi ni kwamba kabla ya hapo injini huvuta vizuri, tena kwa wepesi unaompendeza rubani. Mlio mtamu usimdanganye mtu. Kipimajoto cha kichwa cha silinda kina thamani kuliko sikio, na plagi nayo husema kweli: kahawia ni salama, nyeupe ni dalili ya petroli kidogo, nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi. Kati ya makosa hayo mawili, bora petroli izidi kidogo.

Injini ikizima angani, bawa bado huteleza na rubani hushuka bila nguvu, mradi ana mahali pa kutua. Basi usiruke juu ya maji au msitu usioweza kuuvuka bila injini, na badilisha kiwambo cha kabureta kabla hakijakakamaa.