KAZI ISEMAYO "LIPA KWANZA" SI KAZI

Apitaye Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Msimbazi hata Mnazi Mmoja, mara nyingi hukuta karatasi imebandikwa juu ya nguzo ya umeme: "Kazi ya nyumbani. Elimu si lazima. Malipo kila siku. Piga simu." Maneno hayo sasa yaingia hata katika simu zetu. Wako mafundi cherehani na wapishi wengi wafanyao kazi ya haki majumbani mwao, na hao hatuwagusi. Lakini tangazo la uongo lina alama zake, na kila mfanyakazi hana budi kuzijua.

Alama ya kwanza ni fedha. Mwajiri humlipa mtu jasho lake. Adaiye "ada ya fomu" au "ya mafunzo" kabla ya kazi hatafuti mfanyakazi, bali atafuta mfuko wa mtu. Alama ya pili ni kazi yenyewe. Muulize: chatengenezwa nini, nani akinunuaye, na ofisi iko mtaa gani? Akijibu kwamba faida itatokana na kuwaingiza jamaa zako, fahamu ya kuwa malipo unayoahidiwa ni fedha za hao watakaokufuata.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyowaahidi watu kupanda fedha na kuvuna zaidi. Februari 2025 Polisi waliwakamata watu waliohusishwa na LBL, ambako wananchi walilipa fedha za kujiunga wakitarajia ujira wa kutazama matangazo kwenye simu. Majina yalibadilika, njia ni ile ile.

Wala cheti cha BRELA kisimpumbaze mtu. Kuandikishwa kwa kampuni si ruhusa ya kukusanya fedha za watu.

Mchukuzi wa sokoni au mama lishe akipoteza shilingi 50,000, amepoteza mtaji, na pengine kodi ya chumba. Wengi hunyamaza kwa haya, na kimya hicho ndicho ngao ya mwizi. Basi, ndugu, aliyedanganywa na aseme: aende polisi, na namba iliyomletea ujumbe wa uongo aitume kwa 15040. Naye asomaye tangazo leo, kabla hajatoa hata senti, aulize swali moja: katika kazi hii, ni nani amlipaye mwenzake?