Mjukuu anafuga nyoka Marekani, bibi ana nyoka stoo Himo

HIMO. Simu ya video iliita saa mbili usiku, bibi akiwa ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi.

“Shikamoo bibi,” alisema mjukuu wake wa miaka 11, akiwa Marekani ambako ilikuwa bado mchana. Kabla hajaitikiwa, alishageuza kamera kuelekea boksi la kioo lililokuwa juu ya meza yake ya kusomea. Ndani alijikunja nyoka wa rangi ya machungwa mwenye mabaka mekundu, mwembamba kuliko kidole gumba.

“Ruwa!” Gunzi lilimtoka bibi mkononi. “Mama yako yuko wapi? Niitie mama yako!”

Bibi huyo ni mama yangu. Mama wa mtoto ni dada yangu, ambaye kwa miezi mitano alikaa kimya bila kutuambia kwamba amekubali mwanaye afuge nyoka. Siku hiyo hakuwa na namna. Nyoka alikuwa ametapika panya mzima, siku mbili baada ya kulishwa, na mtoto alikuwa analia tangu asubuhi akiamini amemuua. Dada alijua niko nyumbani mwishoni mwa wiki ile, akaona mdogo wake anayeandika habari za afya hawezi kukosa la kumwambia.

Sikuwa nalo. Nimeandika kuhusu surua, utapiamlo na presha ya wajawazito, si kuhusu mlo wa nyoka. Nilikaa usiku ule nikasoma miongozo ya madaktari wa mifugo, na asubuhi nikawa na jibu la mjukuu. Sikutarajia kwamba lingekuwa pia jibu la bibi, ambaye stoo yake ya mahindi imetembelewa na nyoka mara mbili tangu mavuno.

Panya asizidi kiuno cha nyoka

Nyoka wa mtoto huyo huitwa nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani. Hana sumu, huua kwa kulizungushia windo mwili wake na kulibana. Wengi husema jina alilipata kwa kuonekana mara kwa mara kwenye maghala ya mahindi, wengine husema ni kwa sababu ya tumbo lake lenye madoa kama punje za mahindi ya rangi rangi. Kwa vyovyote vile, ghalani hakufuata mahindi. Alifuata panya.

Hukua hadi kufikia mita moja na nusu hivi na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. (Mzazi unayemnunulia mtoto wa miaka 11 mnyama huyu, jiandae kubaki naye wewe mtoto akienda chuo.)

Nyoka hatafuni. Anachokula kinaingia kizima, kichwa kwanza mara nyingi. Watu husema taya lake huchomoka, halichomoki. Mifupa miwili ya taya la chini haijaungana kwa mbele kama ya kwetu, imeshikwa na kano inayovutika, hivyo kila upande husogea peke yake ukivuta windo ndani kidogo kidogo. Hata hivyo kuvutika huko kuna mwisho.

Ndiyo maana wafugaji wana kipimo. Unaangalia sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka, kiuno chake tuseme, kisha unachagua panya ambaye unene wake unalingana na hapo au umezidi kidogo, usipite mara moja na nusu. Mkia wa panya hauhesabiwi. Wenye mizani ndogo ya jikoni hupima uzito: kwa nyoka anayekua, windo liwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Nyoka wa gramu 60 anapewa panya wa gramu 6 hadi 9.

Nyoka aliyetoka tu kwenye yai huanza na kitoto cha panya cha siku moja au mbili, kile chekundu kisicho na manyoya, chenye gramu mbili hivi, kila baada ya siku tano hadi saba. Akinenepa anapandishwa daraja: kitoto kilichoanza kuota manyoya, kisha kinachorukaruka, kisha kilichoachishwa ziwa, mpaka afike kwa panya mzima wa gramu 20 hadi 30. Nyoka mzima hutosheka na panya mmoja kila baada ya siku 10 hadi 14. Mlo ukiacha uvimbe mdogo tumboni, umepatia. Uvimbe usipoonekana kabisa, panya alikuwa mdogo. Nyoka akifanana na soksi iliyotiwa chungwa, umezidisha.

Mpwa wangu alizidisha. Alitaka nyoka akue haraka, akaruka madaraja mawili na kumpa panya mzima. Jioni hiyo hiyo akamtoa kwenye boksi amwonyeshe rafiki yake. Hayo ni makosa mawili kwa siku moja, kwa sababu nyoka aliyekula anatakiwa kuachwa bila kushikwa kwa saa 48.

Tena nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Ili chakula kisagike, upande mmoja wa boksi lake lazima uwe na joto la nyuzi 28 hadi 30. Kukiwa na baridi, au windo likiwa kubwa mno, nyama huanza kuoza tumboni kabla ya kusagika, na nyoka huitoa. Kutapika mara moja si kifo. Dawa yake ni mapumziko: maji masafi, joto la kutosha, bila chakula kwa siku 10 hadi 14, kisha panya mdogo kwa nusu ya yule wa mwanzo. Akitapika tena, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Mama alisikiliza yote haya akiendelea kupukuchua.

“Mtoto wa miezi sita naye humpi makande,” alisema.

Panya kwenye friza

Kilichonishtua mimi ni jambo ambalo dada alilitaja kwa kupita tu. Panya wa nyoka huuzwa wakiwa wamekufa na kugandishwa, na hilo ni jambo jema, kwa sababu panya hai anaweza kumng’ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Ila yeye alikuwa anawaweka kwenye friza moja na kuku na samaki wa familia. Na ana binti wa miaka mitatu.

Nyoka, kenge, kobe na jamii yao hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao kuugua. Mtoto akimshika nyoka, au akishika boksi lake, kisha akatia vidole mdomoni, anaweza kupata homa, kuhara na maumivu makali ya tumbo. Kwa mtoto mdogo bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo sababu mamlaka za afya za Marekani hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu isifuge wanyama wa aina hii.

Panya wenyewe nao si salama kwa sababu tu wamegandishwa. Baridi ya friza haiui salmonela. Mwaka 2010 panya wa kulishia nyoka waliogandishwa walihusishwa na watu kuugua salmonela nchini Marekani na Uingereza, wengi wao wakiwa watoto.

Nilimwambia dada ukweli: kama ni mimi, nyoka angehamia kwa mtu mwingine mpaka binti atimize miaka mitano. Alikataa, kwa kuwa kijana angevunjika moyo. Basi tukakubaliana kwa machache. Panya wana chombo chao chenye mfuniko, mbali na chakula. Wanayeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ndani ya mfuko, si jikoni, wala si kwenye maikrowevu ambako hupasuka. Analishwa kwa koleo, si kwa vidole. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, na binti haingii chumba cha kaka yake. Sijaridhika, lakini ni nyumba yake.

Na wa stoo anakula nini?

Jumapili asubuhi, tukinywa chai, mama aliuliza swali lake. Kama wa Marekani anapimiwa panya kwa kiuno, huyu wa kwake stoo anapimiwa na nani?

Himo ni mji wa nafaka. Barabara kutoka Dar es Salaam inakutana hapa na ile ya Moshi na Holili, na magunia ya mahindi hupita mwaka mzima kuelekea mpakani Taveta. Familia nyingi zenye vihamba kule juu Marangu na Kilema zina mashamba ya mahindi huku tambarare. Baada ya mavuno, gunia huwekwa popote: stoo, varanda, hata chumba wanacholala watoto. Panya hufuata. Panya shamba jike anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja.

Nyoka aliyeuawa stoo kwa mama mwezi uliotangulia alikuwa wa kahawia, mwembamba, asiyefika mita moja, na mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Kwa maelezo hayo, inaelekea alikuwa yule nyoka wa kahawia wa majumbani ambaye hana sumu, hubana windo lake kama yule wa Marekani, na hula panya. Kwa unene ule, panya mkubwa wa darini asingemweza. Alikuwa anafuata vitoto kwenye kiota, chini ya magunia. Vijana walipoyaondoa magunia walikikuta kiota, kimebaki na kitoto kimoja.

Kipimo kile kile kinaeleza na wengine. Kifutu ni mfupi lakini mnene, hivyo panya mzima anamtosha. Hulala kimya pembeni ya njia ya panya akisubiri. Swila hula vyura, panya, mayai na vifaranga, kwa hiyo banda la kuku nalo linamhusu. Chatu mkubwa ni habari nyingine, anaweza kumeza mbuzi, ila hakai kwenye stoo ya magunia manne. Nyoka anayeingia ndani hajaja kumla mtoto. Mtoto haingii mdomoni mwake. Mtoto huumwa kwa sababu amemkanyaga gizani, au amelala sakafuni panya wanapopita.

Hili si la kubeza. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka.

Kwa hiyo tulianza na panya. Mahindi yamehamia kwenye mapipa yenye mifuniko, yaliyobaki yako juu ya chanja, mbali na ukuta. Kuni zimetolewa dirishani. Wajukuu waliokuwa wanalala kwenye mkeka jirani na magunia wamepandishwa kitandani, na chandarua kinachomekwa chini ya godoro. Chooni usiku ni tochi na viatu.

Mmoja wa wajukuu hao, baada ya kuona simu ile, alitaka naye afuge wa kwake kutoka shambani. Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali, na mtoto wa miaka tisa hawezi kutofautisha nyoka wa majumbani na swila mchanga. Anayetaka kuona nyoka wakitunzwa apelekwe Meserani, kituo cha nyoka nje ya Arusha kwenye barabara ya kwenda Dodoma, ambacho pia kina zahanati iliyowahudumia watu wengi walioumwa.

Akishaumwa

Miaka michache iliyopita mtoto wa jirani yetu, wa miaka sita, aliumwa mguuni. Walimfunga kamba kwa nguvu, wakamchanja, wakamwekea jiwe la nyoka, wakasubiri lidondoke. Alifika hospitali asubuhi. Alipona, lakini anatembea akichechemea.

Jiwe halinyonyi sumu. Kamba iliyokazwa huzuia damu na huongeza kuoza kwa nyama, hasa kwa sumu ya kifutu. Kuchanja na kunyonya huongeza kidonda. Kinachotakiwa ni kumtuliza mtoto, kumvua bangili, viatu au chochote kinachobana kabla ya uvimbe, kuufunga mguu au mkono kwenye ubao usitikisike, na kumpeleka hospitali kwa usafiri wowote huku akiwa amebebwa, asitembee. Ukipiga simu kabla, wanaweza kukuambia kama dawa ya sumu ipo au uende moja kwa moja Mawenzi au KCMC. Usipoteze muda kumtafuta nyoka. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi hapo hapo, kisha hospitali.

Wiki mbili baada ya simu ya kwanza, mpwa wangu alipiga tena. Alikuwa amenunua mizani. Nyoka ana gramu 58, na kwa kuanza upya alikuwa amempa kitoto cha panya cha gramu tatu tu.

“Amekula?” bibi aliuliza, kabla hata ya salamu.

“Amekula, bibi. Na sijamgusa.”

“Sogeza simu basi. Nataka kuona kiuno.”