Tusimlaumu mama kwa alichorithi mtoto

Mwezi wa Desemba uliopita niliketi katika nyumba moja huko Molo, miongoni mwa wazee wa pande mbili waliokutana kuzungumzia posa. Binti aliyeposwa ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye bidii na adabu, na kijana aliyemposa alikuwa amekwisha kutangaza nia yake bila kigugumizi. Mazungumzo yalikwenda vyema hadi shangazi yake kijana alipouliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Na watoto watakaozaliwa, je, watakuwa vipi?" Binti huyo ana ualbino.

Macho yote yalinigeukia mimi, kwa kuwa nilifundisha bayolojia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nililijibu swali hilo, na jibu lenyewe nitalieleza hapa. Hata hivyo, sina budi kukiri kwanza kwamba swali la aina hiyo nilipaswa kulijibu mwaka 1997, katika boma moja karibu na Njoro, nami nikanyamaza.

Mwaka huo mkaza mwana wa baba yangu mdogo alijifungua mtoto mwenye ngozi nyeupe na nywele za rangi ya nyasi kavu. Haukupita mwezi, ukaitishwa mkutano wa ukoo. Mzee alisema kwamba katika ukoo wetu hakujapata kuonekana jambo kama hilo. Kwa hivyo ama mwanamke yule alikuwa ametoka nje ya ndoa, ama alikuwa ameleta laana ya kwao. Mimi, msomi wa ukoo, nilijua kwamba alikosea. Lakini nilikuwa mdogo kwa umri katika kikao kile, nikaona ni utovu wa adabu kumsahihisha mzee mbele za watu. Mama yule akarudishwa kwao Molo, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mwalimu niliyemtaja.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mzee yule alikuwa mfugaji hodari wa ng'ombe wa Friesian. Miaka michache kabla ya mkutano ule, ng'ombe wake mweusi mwenye mabaka meupe, aliyepandishwa kwa mbegu ya fahali wa rangi iyo hiyo, alizaa ndama mwekundu. Hakuna aliyemfukuza ng'ombe zizini. Mzee alicheka, akatuambia kwamba hiyo ni damu ya zamani iliyorejea. Naam, alikuwa karibu sana na ukweli.

Ukweli huo ulifumbuliwa na mtawa aliyeitwa Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri mjini Brno, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1866, Mendel alieleza jinsi alivyochanganya njegere zenye maua ya zambarau na zile zenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau, ungedhani weupe umetoweka. Alipoiacha mimea hiyo ijizalishe yenyewe, kizazi cha pili kilikuwa na mimea 929: 705 ya zambarau na 224 ya maua meupe, yaani takriban tatu kwa moja. Weupe haukuwa umetoweka, ulikuwa umejificha.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Karibu kila jeni, iwe ya njegere, ya ng'ombe au ya binadamu, huwa na nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja yaweza kutawala, na nyingine ikafichika. Wekundu wa Friesian ni sifa inayofichika, na ndama hatakuwa mwekundu mpaka aupokee kutoka pande zote mbili. Fahali mweusi ambaye mbegu yake iliifikia boma ile alikuwa mshiriki sawa na ng'ombe aliyezaa.

Ualbino hufuata kanuni iyo hiyo. Aina zilizo nyingi barani mwetu, zinazogusa ngozi, nywele na macho, hutokea pale mtoto anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mzazi mwenye nakala moja njema na moja yenye hitilafu ana ngozi kama ya jirani yake yeyote, na huenda akaishi hadi uzeeni asijue amebeba nini. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Tena si kwamba mtoto wa nne ndiye atakayekuwa hivyo. Kila mimba huanza hesabu upya.

Basi tazama dhuluma tuliyoitenda. Hakukuwa na sababu yoyote ya kumshuku mama yule isipokuwa rangi ya mwanawe. Na kama mtoto ni wa mumewe, basi ukoo wetu nao ulikuwa umeibeba nakala hiyo, pengine kwa vizazi kadhaa. Mume alioa mke mwingine, akapata watoto wasio na ualbino, na watu wakasema huo ndio ushahidi kwamba kosa lilikuwa la mke wa kwanza. Ushahidi gani? Ikiwa mke wa pili hakubeba nakala yenye hitilafu, hapana mtoto wake ambaye angeonyesha dalili, ingawa kila mmoja wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba kimyakimya.

Wala hatuwezi kusingizia kuwa mbali na elimu. Njoro ina kituo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa mwaka 1927, ambapo wataalamu huzalisha ngano inayostahimili kutu. Tangu kutu ya shina iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwaka 1998, ngano ya mataifa mengi imeletwa Njoro ipimwe. Wakulima wetu husubiri mbegu hizo kwa hamu. Tunaiamini sayansi ya urithi shambani na zizini, lakini tunaiacha mlangoni tunapoingia nyumbani.

Sasa nirejee Molo. Nilimwambia yule shangazi kwamba binti ana nakala mbili zenye hitilafu, hivyo kila mtoto wake atapokea moja. Ikiwa kijana ana nakala mbili njema, hapana mtoto wao atakayekuwa na ualbino, ijapokuwa wote wataibeba nakala hiyo. Ikiwa kijana naye ameibeba ya jeni iyo hiyo, basi kila mimba ni nusu kwa nusu. Kumtazama kwa macho hakuwezi kutuambia.

"Kwa hiyo hata sisi huenda tunayo?" akauliza.

"Huenda, mama," nikamjibu, "kama tulivyokuwa nayo sisi."

Nikaongeza kwamba mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kiti cha mbele darasani, kwa maana macho yake hayaoni mbali. Jua la nyanda hizi za juu, zilizo karibu na mstari wa ikweta, halina huruma na ngozi isiyo na kinga. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Hao wanahitaji kinga dhidi ya jua, na zaidi ya hiyo wanahitaji kinga dhidi ya ndimi zetu.

Mama yake binti alikuwa ameketi kando akisikiliza. Kwa zaidi ya miaka 25 hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwambia kwamba hakukosa. Nilimwambia siku hiyo, mbele ya wazee wote, nikamwomba radhi. Hakusema neno, aliitikia kwa kichwa, na mazungumzo ya posa yakaendelea.

Nawasihi wenzangu mliosoma: kikao kama kile cha mwaka 1997 kikiitishwa kwenu, msinyamaze. Kumheshimu mzee ni wajibu, lakini yaweza kutimizwa kwa kumweleza ukweli kwa upole. Mimi nilichelewa, na gharama ya kuchelewa kwangu ililipwa na mama na mwanawe.