Baka lisilo na hisia si sababu ya kutupa dawa

Tuseme jamaa yako ana virusi vya Ukimwi na ameanza kumeza dawa za kupunguza makali. Uzani umeongezeka, hamu ya chakula imerudi. Miezi michache baadaye, baka jekundu lililovimba linatokea shavuni. Ukiligusa kwa pamba, hahisi kitu. Majirani wananong'ona kuwa dawa ndizo zinazomdhuru.

Mwambie asizitupe! Huenda huo ni ukoma, na haukuletwa na dawa.

Viini vya ukoma, vilivyogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka wa 1873, huzaana polepole mno. Vinaweza kukaa mwilini miaka 5, hata 20, kabla ya dalili kuonekana. Kinga ikiwa imedhoofishwa na virusi, mwili huviacha tu. Dawa zinapoirudishia nguvu, kinga humtambua adui aliyejificha na kumshambulia. Vita hivyo ndivyo huleta uvimbe. Mwaka wa 2003, madaktari jijini London waliripoti kisa cha aina hii cha mgonjwa kutoka Uganda.

Mpeleke hospitalini mapema, kwani neva zikiharibika, vidole, miguu au macho hulemaa. Daktari anaweza kumpa dawa za kutuliza uvimbe, pamoja na zile za ukoma, ambazo humezwa kwa miezi 6 au 12 na hutolewa bila malipo. Zile za Ukimwi aendelee nazo.

Nawe usimtenge. Ukoma hutibika, na akianza matibabu hawezi kukuambukiza.