Walowezi wa Sayari ya Mbali na Swali la Mzee wa Kaplong

Huku Kaplong mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mtu wa pwani aliyezoea kanzu nyepesi hana budi kuazima koti. Nilikuja kumzuru mpwa wangu, mwalimu, anayekaa hapa penye njia panda, ambapo barabara ya Kericho hukutana na ile itokayo Narok na Bomet kwenda Sotik na Kisii. Kila upande utazamao ni majani ya chai, mabonde kwa vilima. Nilistaajabu kidogo, msomaji, kwani chai nimeinywa tangu nikiwa mtoto wa chuoni, kila alfajiri kwa mahamri, wala sikupata kujiuliza imeota katika ardhi ya nani.

Usiku wa kwanza, baada ya sala ya isha, mpwa wangu alinitolea diski moja ya zamani. "Mjomba," akasema, "nakumbuka hadithi hii ulikuwa ukiisifu." Kweli niliisifu. Mwaka wa 2001 binamu yangu alinijia nayo Mombasa kutoka London, ikiwa katika mkanda wa video, nikaitazama hata nikaihifadhi moyoni. Ni hadithi iitwayo "Colony in Space", katika mfululizo wa kale wa televisheni ya Uingereza, "Doctor Who". BBC iliionyesha kwa mara ya kwanza katika Aprili na Mei 1971, sehemu sita. Aliyeiandika ni Malcolm Hulke, mtu aliyewahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, na jinsi asivyoyapenda makampuni makubwa hakufichiki humo.

Tulipokuwa tukitengeneza viti, akaingia jirani, mzee wa Kikipsigis, amebeba kibuyu cha mursik. Tukampa nafasi karibu na jiko. Mpwa wangu akawa mkalimani wake, akimfasiria Kiingereza kwa Kiswahili.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka wa 2472 dunia imejaa watu hata hapana pa kupumua. Kikundi cha walowezi kimeihama, kimekwenda kulima katika sayari ya mbali iitwayo Uxarieus. Mimea yao haistawi, na njaa inawanyemelea. Mara linatokea kampuni kubwa la madini, nalo linaitaka sayari hiyo hiyo. Kampuni hilo halitangazi vita. Linatuma mashine yenye makucha ya bandia usiku ili walowezi wadhani wamevamiwa na mazimwi, wakimbie wenyewe. Linampenyeza jasusi kijijini, anamwua fundi wa umeme na kumsingizia mwenyeji wa sayari ile. Halafu anakuja mwamuzi, naye ni mwamuzi wa uongo, anatoa hukumu kwa manufaa ya kampuni. Hapo walowezi wanashika silaha na kuasi. Kiongozi wao, Ashe, mtu wa amani aliyekuwa akiamini sheria, anarusha peke yake jahazi lao bovu la angani, linalipuka naye ndani, na wenzake wanapata nafasi ya kuwashinda watu wa kampuni.

Mwaka ule wa 2001 machozi yalinitoka kwa ajili ya Ashe. Niliona ni hadithi ya wanyonge dhidi ya wenye nguvu, basi. Safari hii tuliitazama kwa siku mbili, sehemu tatu kila usiku, na picha ilipokwisha mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na wale wenye mikuki, je? Wao walikwenda wapi?"

Mimi na mpwa wangu tukatazamana.

Yafaa nieleze, msomaji. Katika sayari ile wamo wenyeji wake. Hawasemi neno tangu mwanzo hata mwisho. Hubeba mikuki, na baadhi yao hutumwa kazi na walowezi. Wazee wao wa kale walikuwa wajuzi wakubwa, waliojenga mji na silaha ya kutisha iliyofichwa chini ya ardhi, na silaha hiyo ndiyo iliyowaangamiza na kuutia udongo sumu. Mwishoni mlinzi wa mji ule anakubali silaha iharibiwe, na mji wa kale unalipuka. Ndipo walowezi wanapopewa bishara: udongo utapona, mazao yatastawi. Wanafurahi, na mtazamaji anafurahi pamoja nao. Mji wa wenyeji umekuwa vumbi ili shamba la wageni lizae, wala hakuna amwuliziaye mwenyeji hali yake. Nami sikumwulizia kwa zaidi ya miaka 20.

"Hapa pia walikuja wakulima kwanza," mzee akasema. "Kampuni lilifuata nyuma."

Hakukosea. Mwaka wa 1919 palianzishwa Kericho koloni la maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Walipewa eka 25,000 zilizokatwa katika nchi ya Wakipsigis, ambao serikali ya siku zile iliwaita Lumbwa. Walipanda kitani, ule mmea utoao nyuzi za nguo. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafilisika mapema katika miaka ya 1920. Wanaume wale walikuwa vilema wa vita, na nani asiyewahurumia? Lakini walipoondoka, ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ilichukuliwa na makampuni ya chai, na katika miaka iliyofuata Brooke Bond na James Finlay walieneza mashamba yao Kericho.

Na uasi wa walowezi? Huo nao tunao, si wa kubuni. Mwaka wa 1922 ilipopendekezwa Wahindi wa Kenya wapige kura katika daftari moja na Wazungu, walowezi, ambao kwa jumla hawakufika 10,000, walikasirika wakaunda kamati za siri. Walipanga kumteka Gavana, Sir Robert Coryndon, na kukamata reli na simu. Serikali ya London ikatoa waraka wake Julai 1923, ukitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kutangulizwa. Maneno matamu. Lakini tazama viti vya Baraza la Kutunga Sheria vilivyogawanywa: wajumbe wa kuchaguliwa 11 wa Wazungu, 5 wa Wahindi, 1 wa Waarabu. Na Waafrika, waliokuwa mamilioni? Walisemewa na mmisionari wa Kizungu. Walinyimwa ulimi, kama wale wenye mikuki. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika baraza lile mpaka mwaka wa 1944.

Huku milimani kunyamazishwa kulifika mbali zaidi. Mwaka wa 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kwa kuwa serikali iliwaogopa. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na homa, wakakaa huko mpaka kukaribia uhuru. Kilio cha Wakipsigis na Talai hakijakoma: mwaka wa 2022 wawakilishi wao waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Msomaji wa pwani atasema, haya ni mambo ya bara, ya Mzungu na Mkalenjin, sisi yatuhusu nini? Nami ningependa kusema hivyo. Lakini usiku ule usingizi haukunijia, nikamkumbuka babu yangu.

Babu alikuwa na shamba la minazi, na karatasi ya shamba lile ilitokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani aende mbele ya serikali akathibitishe. Waliokwenda wengi walikuwa watu kama sisi, Waarabu na Waswahili, wenye kujua kuandika na wenye jamaa waliozijua afisi. Wamijikenda wengi hawakwenda, kwani ardhi yao ilikuwa ya ukoo, na mashahidi wao walikuwa makaburi na miembe. Wakaamka siku moja wakaitwa maskwota. Katika shamba la babu walikuwamo watu kama hao. Walipanda mihogo kwa idhini yetu, wakatuangulia nazi, nasi tukiwaita jina moja tu, "wale wa shambani". Sikumbuki hata mmoja wao akisema neno mbele ya babu. Mtoto niliyekuwa nikihifadhi juzuu nzima kwa moyo sikujua majina yao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hadithi ile aliyepona ni mgeni, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Kericho, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kumlilia mnyonge ni jambo jema. Lakini mnyonge huyu naye huenda amesimama juu ya mwingine, na yule wa chini hana nafasi ya kusema katika mchezo. Hulke, kwa wema wake wote, alimpa mkuki akamnyima ulimi. Na sisi watazamaji tulimwona kwa macho yetu, tukamhesabu pamoja na mawe ya sayari.

Asubuhi yake nilikwenda kumwaga mzee. Akanimiminia chai ya maziwa, moto, katika kikombe cha bati. Nikamwambia, "Mzee, swali lako la jana sikulijibu."

Akacheka. "Mzee wa Mombasa, mimi sikuuliza unijibu. Niliuliza ili nawe ukaulize kwenu."

Nimerudi pwani, na shamba la babu bado lipo, ingawa minazi imepungua. Ijumaa ijayo, inshallah, nitakwenda huko na daftari. Wamo wazee wawili watatu walioangua nazi zetu. Nitaanza kwa kuwauliza majina yao.